Upande wa Ndani wa Pete

Mtandio wenyewe ni wa shifoni, zambarau iliyopauka, umechanika pembe mbili. Haujapanda kichwani kwa mtu siku nyingi. Unakaa mezani, kando ya bakuli la shanga, na kila pete inayokamilika huburuzwa juu yake taratibu, kwanza nje, kisha ndani. Uzi mmoja ukinaswa, pete imekataliwa. Mama mwenye mtandio hana hotuba ya kutoa. Anakurudishia mkononi na kusema, "Rudi nayo, mwanangu."

Nilifika barazani kwake Madale nikijua kutunga shanga, na nikadhani yamekwisha. Bibi yangu alitunga utunda wa kiunoni huku akipiga soga, macho yakiwa kwingine kabisa, nami nilijifunza kwa kumkalia karibu. Lakini waya hautungwi. Uzi ukikosea unaufumua na kuanza upya, nao hauna kinyongo. Waya hausahau. Pale ulipoukunja, hata ukiunyoosha kwa koleo, panabaki kovu, na penye kovu pamekakamaa kuliko kwingine. Ndivyo shaba ilivyo: kila ukiikunja inazidi kuwa ngumu, na ukiikunja pale pale mara nyingi inakatika kama kijiti. Dawa yake ni moto wa mkaa hadi iwe nyekundu kwa mbali, kisha maji, inarudi laini. Ila pete iliyokwisha kuvikwa ushanga huwezi kuitia motoni. Kwa hiyo unatakiwa kujua mkono unakwenda wapi kabla haujakwenda.

Mama ana neno lake kwa kazi hii: kuzonga. "Shanga zinatungwa, waya unazongwa," aliniambia siku ya kwanza, na alipoona naandika akacheka.

Mali ghafi imemzunguka. Hapa kati ya Tegeta na Goba kila uchochoro una nyumba inayopanda, na mafundi umeme wakimaliza kazi huacha vipande vya waya sakafuni, vya shibiri moja, vya shibiri mbili. Ule wa taa huitwa wa moja na nusu. Mwanafunzi mgeni, yaani mimi, hudhani hiyo ni milimita moja na nusu ya unene. Sivyo. Ni milimita za mraba za uso wake ukiukata. Unene wenyewe ni kama milimita 1.4. Unafaa kuwa uti wa pete ya kidole gumba cha mwanamume, lakini ushanga mdogo wa Kimaasai, ambao wote kwa ujumla wake una milimita mbili hivi, hautaupitisha hata ukiuomba. Kwa pete ya kawaida anatumia waya wa milimita 0.8. Wa kuzongea juu yake ni mwembamba wa 0.4 au chini ya hapo, ambao huupata kwa mafundi wanaosuka upya koili za mota. Waya wa koili una sifa moja ya ziada: umepakwa vanishi, kwa hiyo jasho la Dar es Salaam haliigusi shaba moja kwa moja na kidole hakiwi kijani upesi. Shaba tupu humaliza siku moja tu ya joto kabla haijaacha alama. Haidhuru ngozi, lakini mteja hatarudi.

Gamba la plastiki halichomi. Analichuna kwa kisu, kama anayemenya muhogo, na anawasema vibaya wanaochoma nyaya jalalani. Moshi ule nami naujua, yuko sahihi.

Sasa pete yenyewe. Unakata waya wa 0.8 urefu wa sentimita 40. Unavalisha ushanga mmoja mkubwa, unausogeza hadi katikati. Unauweka juu ya kitu cha mviringo, na hapa watu wa mijini hununua fimbo maalumu ya kupimia pete, ila mama ana kipande cha mpini wa fagio, bomba la rangi ya mdomo na spana tatu. Ncha mbili za waya zinazunguka nyuma, zinapishana, zinarudi mbele, moja juu ya ushanga, moja chini yake. Zinazunguka tena. Kisha zinakutana ubavuni mwa ushanga na kuanza kuufuata kwa kuuzunguka, mara mbili, mara tatu, mpaka ushanga unakaa kama yai kwenye kiota. Baada ya hapo kila ncha inakwenda upande wake na kuzonga mwili wa pete mara tatu, mizunguko ikibanana bila kupandana.

Kwa maneno ni dakika moja. Mimi pete ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima, na kiota changu kilikuwa cha kunguru. Tatizo halikuwa nguvu. Nilikuwa nasukuma waya kwa ncha za vidole, na kila nilipousukuma ulijibinua. Yeye hausukumi. Anaubana kwa gumba karibu kabisa na pale unapopinda, sehemu ya nusu kucha tu, na mkono wa pili unavuta kwa upole kuelekea kwake, mvuto ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimtazama akifanya pete sita mfululizo na sikuona mvuto ukibadilika. Koleo analigusa kwa nadra, na meno yake ameyafunga plasta ya dukani ili yasiing'ate shaba.

Kuna jambo linanifurahisha katika mkutano huu wa waya na shanga barazani, maana vitu hivi viwili vimewahi kutembea pamoja nchi hii nzima. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, alieleza katika kitabu chake cha 1860 jinsi misafara ilivyobeba nguo, shanga na waya badala ya fedha. Waya mnene uliitwa masango, na ukizongwa mizunguko mingi ukawa kitindi, bangili ya mkononi. Shanga zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo. Aina moja nyekundu ilipewa majina ya utani yenye maana ya kimaliza chakula na kivunja mji, kwa jinsi watu walivyoihangaikia. Nilipomsomea mama majina hayo alisema zipo hata leo, ziko Kariakoo. Shanga za Kariakoo nyingine hutoka Ucheki, nyingine China. Yeye huzitofautisha kwa kuzimwaga kiganjani na kutazama matundu. Ushanga wenye tundu lililopinda hautakaa sawa kwenye waya, uwe wa wapi.

Lakini nilitaka kusema habari ya ncha, kwa sababu hapo ndipo kazi yake inapojulikana. Mbele ya pete mtu yeyote anaweza kupendezesha. Ushanga wenyewe unasaidia. Ncha ya waya haina msaada. Koleo la kukatia huacha uso bapa upande mmoja na kisu kidogo upande wa pili, kwa hiyo analigeuza ili ubapa ubaki kwenye pete na kisu kiende na kipande kinachotupwa. Kisha anahakikisha ncha inaishia nje, mgongoni mwa pete, wala si upande unaogusa ngozi wala unaogusana na kidole jirani. Anaibonyeza, anaipapasa kwa ncha ya kidole, anaibonyeza tena. Pete hii itauzwa kwa bei ya chipsi kavu, na hakuna mnunuzi atakayeigeuza kutazama huko. Yeye anaigeuza.

Pete kumi zangu za mwanzo zilinasa mtandio. Moja ilitoka na uzi mrefu wa zambarau, nikaona aibu kana kwamba nimemchania nguo ya harusi. Ya kumi na moja nilimpa bila kusema kitu. Aliiburuza nje. Aliiburuza ndani. Akaigeuza, akarudia, uso umeinama, na shifoni ikateleza yote hadi mwisho.

Akataka kuivaa, ikagoma kwenye kifundo cha kidole cha mwisho. Nilikuwa nimeizongea kwenye kalamu ya wino, tena nikasahau kwamba kila mzunguko wa ziada unakula nafasi ya ndani.

"Kesho upime kidole kwanza," alisema. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa ameshanyoosha mkono.