Karama Katika Nafasi ya Shahrazadi

Anayekwenda Mpwapwa kwa treni hushuka Gulwe. Wasafiri wa Reli ya Kati wanakijua kituo hiki zaidi kwa mafuriko ya mto Kinyasungwe, yanayozoa tuta la reli mvua zinapozidi. Wachache wanakihusisha na fasihi. Lakini Shaaban Robert, alipokuwa mtumishi wa Idara ya Mifugo kati ya mwaka 1944 na 1946, alifanya kazi Mpwapwa, na mwaka 1946 ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa mwaka alioandika Kufikirika. Tumezoea kumsoma kwa ajili ya maadili. Leo nataka tumsome kama fundi: falme zake za kubuni alizijengaje, fitina aliipitishia wapi, dini aliipa kazi gani, na mwanamke alimweka wapi.

Tuanze na majina, kwa kuwa ndiyo msingi. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na mwandishi mwenyewe akila mshahara wa serikali yao. Mtu wa namna hiyo hawezi kuandika kwamba waziri fulani ni dhalimu. Kwa hiyo aliijenga nchi angani, akamwita waziri wake Majivuno, na mshtakiwa akamwita Karama. Wako wanaoliona jambo hili kuwa udhaifu, wakisema wahusika wake ni sifa zilizovishwa kanzu. Mimi naona hapo ndipo penye ujanja wote. Mkubwa anayelalamika kwamba Majivuno ni yeye, atakuwa amekiri hadharani kwamba ana majivuno. Kitabu kikapita, kikafika shuleni, na vizazi vya wanafunzi wakajifunza humo namna mashtaka ya uongo yanavyotungwa.

Hebu tuitazame kesi yenyewe kwa karibu. Kosa la Karama ni kuanzisha elimu ya uanasheria. Majivuno anamshtaki kwa hofu ya jambo ambalo elimu hiyo itazaa: watu wakijua sheria, watauliza. Hiyo ndiyo fitina ya ikulu ilivyo kila mahali. Haina haja ya ushahidi wa tendo, inatosha kumtia mfalme wasiwasi. Karama naye hajibu kwa kukana. Anaomba kusikilizwa, kisha kwa siku sita anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa nje ya nchi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akarudi na mapendekezo ya kuitengeneza nchi, akaishia gerezani. Kufikia siku ya sita, mshtakiwa amekuwa mshitaki bila mtu kuona alivuka wapi.

Mbinu hii ya kuzungumza siku baada ya siku mbele ya mfalme ili shingo ibaki mahali pake, tunaifahamu. Ni mbinu ya Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, na Shaaban aliyajua masimulizi hayo vizuri, kwa maana Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimefuata kwa karibu hadithi ya Abdullah bin Fadhil iliyomo humo. Alichofanya katika Kusadikika ni kuihamisha kazi ya mwanamke na kumpa mwanamume. Usiku ukawa mchana. Chumba cha kulala kikawa baraza la nchi. Na masimulizi yaliyokuwa ya kumtuliza mfalme mmoja yakawa hoja zinazosikilizwa na watu wote waliohudhuria. Kisiasa, ni hatua kubwa mno: Shahrazadi anajiokoa na kuwaokoa wasichana wenzake kwa kumbembeleza mwenye upanga, ilhali Karama anadai sheria mbovu ifutwe na wajumbe wafunguliwe, na anapata.

Lakini gharama yake ipo, na ninadhani hatujaizungumza ya kutosha. Katika kuhama huko, mwanamke alibaki nje ya baraza. Anayeshtaki ni mwanamume, anayeshtakiwa ni mwanamume, anayeamua ni mwanamume, na wajumbe wote sita ni wanaume. Na mwandishi alikuwa ametoka kuishi Mpwapwa, katika Ugogo, ambako wanawake ndio wanaopiga ngoma za muheme, wamezibana mapajani, na uwanja mzima ukiwafuata wao.

Katika Kufikirika mwanamke amekaribishwa ndani, ila kwa ajili ya tumbo lake. Mfalme hana mrithi. Kwa hiyo waganga wanaitwa, kundi baada ya kundi, kila kundi na uganga wake, na mmoja baada ya mwingine wanashindwa, mpaka watabiri wanapotoa ahadi ya mtoto. Mimba ataibeba malkia, lakini habari za mimba hiyo zimekuwa tangazo la nchi na mashindano ya wanaume wenye tunguri. Halafu ahadi inadai malipo: mrithi atakapougua, dawa yake ni kafara ya mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Hapa ndipo dini inapofanya kazi ambayo fitina ya Majivuno haingeiweza. Majivuno alilazimika kutunga shtaka, na shtaka hujibiwa. Utabiri haushtaki mtu. Unataja tu aina ya mtu anayetakiwa, na dola inatoka kumtafuta. Sijaona katika riwaya zetu maelezo makali kuliko haya ya jinsi damu ya raia inavyoweza kuombwa kwa lugha ya ibada na kutolewa kwa mkono wa sheria.

Adili na Nduguze inageuza mambo. Mfalme Rai wa Ughaibu anapata habari kwamba Adili, liwali wake wa Janibu, huwachapa manyani wawili kila usiku. Wanyama wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. (Kwamba ufalme unaoshughulishwa na mateso ya wanyama umebuniwa na mtu aliyepitia Idara ya Mifugo ni jambo linalonivutia, ingawa sitaki kulijengea hoja.) Ndani ya kisa hicho umo mji mzima uliogeuzwa mawe kwa sababu ya imani yake, na katika mji huo amebaki hai mtu mmoja: msichana aitwaye Mwelekevu. Yeye ndiye aliyeshika imani wakati wakubwa wote wamepotea. Hiyo ni nafasi ya juu kuliko aliyopewa waziri yeyote wa Shaaban. Ila anapopanda jahazi la Adili, anageuka kuwa mali. Ndugu wanamtamani, wivu unawaka, na Adili anatupwa baharini. Mwandishi alimkabidhi mwanamke dini ya mji mzima, kisha akakosa la kumfanyisha katika siasa.

Nasema alikosa, sisemi hakutaka, kwa sababu mtu huyu huyu ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti aliinukia Fumba, Unguja, katika familia maskini, akaingia mjini akiuza vyungu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo. Waliomwonea kijicho walimcheka sura yake. Katika Wasifu hakuna mfalme wa kuombwa ruhusa, na mwandishi hakuhitaji kumvisha adui jina la sifa mbaya ili aweze kumtaja. Siti anayajibu matusi mwenyewe, kwa wimbo, mbele ya watu wale wale waliomcheka. Waliokwisha kukisoma Kusadikika wasome kitabu hicho mara moja baada yake, bila kuacha siku nyingi katikati, na waitazame namna Karama na Siti, kila mmoja kwa upande wake, anavyopata zamu ya kusema.