Mzee Asiyeshtuka: Kuisoma tena Mzingile nikiwa Mpuguso

Kitabu kilikuwa ndani ya begi tangu wiki ya nyuma, sikukibeba makusudi. Nilikwenda nyumbani Mpuguso kumzika mdogo wangu, na mvua ya Rungwe haikukatika siku zote nne. Usiku, watu wakishalala kwenye mikeka, nilisoma kwa tochi ya simu.

Mzingile ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Nagona. Ni riwaya fupi, lakini chuoni ilinitoa jasho. Msimulizi anafunga safari kumtafuta mzee mmoja ampe taarifa kwamba mwanawe amekufa. Wasomaji wengi humwona mzee huyo kuwa ni Mungu. Msimulizi anamkuta kibandani, amechakaa, na habari ya msiba haimshtui.

Kwenye mtihani niliandika kwamba hii ni riwaya ya Mungu aliyejificha, na nikapata alama nzuri. Leo naona nilijibu swali la kitabu kingine. Swali la kama Mungu yupo linamsumbua Kazimoto katika Kichwamaji ya mwaka 1974, na Kazimoto anaishia kujiua. Katika Mzingile mzee anapatikana. Kinachoumiza ni kwamba umemfikia, umesema la moyoni, na yeye katulia tu.

Huku kwetu jambo hilo lina historia. Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891, wakalichukua jina la Kyala kumwita Mungu wa Biblia. Lakini Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba wazee wa zamani hawakulalamika kuwa Kyala yuko mbali. Walichoogopa ni ukaribu wake. Balaa likiingia walijua amekuja, wakamwomba aondoke, aende kwa watu wengine. John Mbiti naye aliitaja sala hiyo.

Nilimsimulia bibi yangu, Mmoraviani wa kutokosa ibada. Akacheka kidogo.

"Mgeni mkubwa akikaa sana, nyumba inaelemewa," alisema.

"Sasa wewe, bibi, unamwomba aende au akae?"

"Siku zote namwomba akae, mjukuu wangu. Wiki hii sijui nimwombe lipi."

Nilirudi kitabuni na jibu lake, nikaona jambo ambalo mtihani haukuniuliza: msafiri harudi nyuma. Hakuna anayetembea njia ndefu hivyo kumpelekea taarifa ya msiba mtu anayeamini hayupo. Kwangu hiyo ndiyo imani iliyomo Mzingile, na haina faraja yoyote. Ni kazi ya mjumbe tu: kufika na kusema kilichotokea, hata kama hutajibiwa.

Nina lawama moja pia. Kezilahabi, aliyesoma seminari, anaijua vizuri hoja ya Mungu, ila msiba wenyewe anaupita haraka. Msimulizi anabeba kifo karibu peke yake. Kwetu Mpuguso habari ilibebwa na miguu mingi. Kina mama walikuja na mikungu ya ndizi vichwani, vijana wakachimba kaburi huku mvua inanyesha. Hakuna aliyenieleza Mungu yuko wapi, na kwa kweli sikumuuliza mtu. Riwaya inayouliza habari za Mungu mbele ya kifo ingepaswa kuwapa watu hawa nafasi.

Usiku wa mwisho nilimsomea bibi pale mzee anapopewa taarifa. Nikamweleza kwamba wahakiki, mimi nikiwemo, tumemlaumu mzee kwa ubaridi wake.

"Aliyekufa ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Wake."

"Basi huyo ni mfiwa. Mnataka ashtuke vipi?" Akaelekeza kidevu barazani. "Baba yako pale, tangu tuzike umemwona akilia?"

Sikuwa nimemwona. Alikuwa kakaa anatazama mvua, na kwa siku nne mimi nilikuwa nimemkasirikia, nikidhani hajali.

Sisemi kwamba bibi ameimaliza riwaya. Mzee wa Kezilahabi anaweza kuwa mfiwa, anaweza kuwa amechoka, na kitabu kinaruhusu yote mawili. Ila nilikifunga, nikatoka nikakae barazani na baba. Hatukuongea.