Kicheko na Mwenye Kuchekwa: Mapokezi ya Sinema ya True Lies

Katika jamii zetu kicheko hakikuwa jambo la ovyo. Kilikuwa na watu wake, na mahali pake, na mipaka yake. Wangoni na Wahehe, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, baadaye walifanyana watani. Wanyamwezi walioshuka pwani na misafara walitaniana na Wazaramo waliowakuta huko. Mtani aliweza kumkejeli mwenziwe hata msibani mbele ya maiti, wala pasizuke ugomvi wowote, kwa kuwa yule aliyekejeliwa leo alikuwa na haki iyo hiyo ya kumrudishia mwenziwe kesho. Hii ndiyo iliyokuwa sheria kuu ya utani: anayecheka sharti akubali kuchekwa. Kejeli isiyokuwa na jibu haikuitwa utani, bali matusi.

Je, sheria hiyo yaweza kutusaidia kukipima kicheko cha mtazamaji wa sinema? Swali hili si la upuuzi. Mtu anayechekwa ndani ya sinema hana nafasi ya kumjibu mtazamaji. Yeye yuko kwenye kitambaa cheupe, na maneno anayoyasema ametungiwa na mtu mwingine, aghalabu mtu asiyemjua. Katika insha hii tutaliangalia swali hilo kwa kuchunguza namna watazamaji walivyoipokea sinema moja ya Marekani ya kijasusi, yenye mapigano na vichekesho kwa pamoja. Sinema hiyo ni True Lies, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema Uongo wa Kweli. Ilitungwa na kuongozwa na James Cameron, ikaanza kuonyeshwa Marekani mwezi Julai 1994.

Kwanza tueleze kisa chenyewe kwa ufupi. Harry Tasker, anayechezwa na Arnold Schwarzenegger, ni jasusi wa idara ya siri ya serikali ya Marekani. Mkewe Helen, anayechezwa na Jamie Lee Curtis, ni karani katika ofisi ya mawakili, naye kwa miaka mingi ameamini kwamba mumewe ni mwuzaji wa kompyuta. Maisha hayo ya uongo yanaanza kubomoka Harry anapogundua kuwa mkewe anaonana kwa siri na mwanamume mwingine. Wakati huohuo kundi la magaidi wa Kiarabu, likiongozwa na Salim Abu Aziz, linapata mabomu ya nyuklia na kutishia kuyalipua katika miji ya Marekani. Mwishowe mambo ya nyumbani na mambo ya kazini yanachanganyika, na mume na mke wanapigana bega kwa bega. Kisa hiki hakikuwa kipya kabisa, maana kilichukuliwa kutoka katika sinema ya Kifaransa ya mwaka 1991 iitwayo La Totale!, iliyoongozwa na Claude Zidi.

Watu wengi sana waliipokea picha hii kwa furaha. Iligharimu zaidi ya dola milioni 100, kiasi ambacho wakati huo kilishangaza ulimwengu wa sinema, lakini ikaingiza zaidi ya dola milioni 370, na kuwa miongoni mwa picha tatu zilizochuma fedha nyingi zaidi duniani mwaka ule. Si vigumu kuona sababu ya mafanikio hayo. Harry anamfukuza adui kwa farasi wa polisi, wanapita ndani ya hoteli kubwa, wanapanda lifti mpaka juu ya paa. Adui anaruka kwa pikipiki na kutua katika bwawa la kuogelea la jengo jingine, lakini farasi wa Harry anagoma kuruka. Hapo shujaa anabaki akigombana na mnyama kama mchuuzi anavyogombana na punda wake. Mtazamaji aliyezoea kumwona Schwarzenegger akishinda kila kitu katika Commando ya mwaka 1985 alipata kitu asichokitarajia, yaani steringi anayeshindwa na farasi.

Hapa Afrika Mashariki watazamaji wamezoea kugawa wahusika mafungu mawili: steringi na adui. Steringi hafi, na adui hana budi kufa. Mgawanyo huo ni wepesi, lakini usidharauliwe, kwani ndio ufunguo wa namna hadhira inavyocheka. Mhakiki akitaka kujua picha inasema nini, na atazame ni upande upi unaochekwa, na ni kwa sababu gani.

Tukifanya hivyo tutaona kwamba katika True Lies mna vicheko vya aina tatu, na vyote havilingani kwa thamani.

Kicheko cha kwanza ni kile kinachomwangukia mwenye majivuno. Yule mwanamume anayemnyemelea Helen, Simon, kwa kweli ni mwuzaji wa magari yaliyokwisha tumika. Yeye hujisingizia ujasusi ili awapate wanawake, akisimulia kuwa ni yeye aliyefanya mambo ambayo hasa yamefanywa na Harry. Anapokamatwa na majasusi wa kweli, ushujaa wake wote unayeyuka kama samli juani. Watazamaji walimcheka sana, na walikuwa na haki. Kicheko hiki twakijua tangu utotoni katika ngano za Fisi mwenye tamaa na katika visa vya Abunuwasi. Kazi yake ni kumvua mtu vazi asilostahili kulivaa. Zaidi ya hayo, kinamgusa hata Harry mwenyewe. Kwani ana tofauti gani na Simon? Mmoja anamdanganya mwanamke kwamba ni jasusi, na mwingine anamdanganya kwamba si jasusi. Mwandishi ametumia kinyume hiki kwa ustadi, na hapa kicheko kina mafunzo ndani yake.

Kicheko cha pili kina utata. Harry, badala ya kumwuliza mkewe kwa uwazi, anatumia watu na vyombo vya serikali kumkamata na kumhoji akiwa amejificha nyuma ya kioo, sauti yake ikiwa imebadilishwa. Kisha anamtuma hotelini kwa hila, ambako Helen analazimika kucheza ngoma ya kutamanisha mbele ya mtu aliyekaa gizani, asijue kwamba mtu huyo ni mumewe. Watazamaji wengi walicheka kwa nguvu, hasa kwa sababu ya uhodari wa Jamie Lee Curtis, ambaye kwa uigizaji wake alipewa tuzo ya Golden Globe mwaka 1995. Lakini walikuwapo wahakiki waliosema kwamba mandhari haya ni ya kumdhalilisha mwanamke. Kwa maoni yetu wote wawili wana sehemu ya ukweli. Curtis amemfanya Helen awe mtu kamili. Anaanguka, anainuka, anajitunza, na mwishowe anampiga yule anayemwonea. Yeye, ingawa ni mhusika wa kubuni, amepewa nafasi ya kujibu. Hata hivyo picha haimwulizi Harry kwa uzito swali moja dogo: ni nani aliyemruhusu kutumia mamlaka ya umma kutibu wivu wa nyumbani? Swali hilo limefunikwa na kicheko.

Kicheko cha tatu ndicho kilicholeta mzozo mkubwa. Aziz na wenzake hawana nyumba, hawana wake wala watoto, wala nchi iliyotajwa kwa jina. Kundi lao limeitwa kwa neno takatifu la dini, jihadi, likaongezewa rangi nyekundu kama ya damu. Yuko mtu mmoja tu katika idara ya Harry, Faisil, aliyewekwa kuonyesha kwamba si kila mwenye jina la namna hiyo ni adui, lakini nafasi yake ni ndogo mno kuweza kusawazisha mizani. Mwigizaji wa Aziz mwenyewe, Art Malik, si Mwarabu bali ni Mwingereza aliyezaliwa Pakistani.

Tazama hasa mandhari moja. Aziz anasimama mbele ya kamera ya video kutoa madai yake. Analalamika kwamba wanawake na watoto wa kwao wameuawa, na miji yao imepigwa mabomu kutoka mbali, ilhali wanaoitwa magaidi ni wao. Kwa nukta chache mtazamaji anasikia jambo ambalo lingeweza kumfanya afikiri. Mara betri ya kamera inakwisha, na msaidizi anaogopa kumwambia bwana wake. Ukumbi mzima unacheka. Katika ufundi wa vichekesho mandhari haya yamepangwa vizuri sana, na ndiyo maana yanastahili kuchunguzwa. Mtunzi amempa adui hoja, kisha akaikata hoja hiyo kwa mzaha kabla haijajibiwa. Kadhalika katika mapigano Helen anaangusha bunduki ya rashasha, nayo inabingirika ngazini ikifyatuka yenyewe na kuua watu wengi. Nao wanacheka watazamaji. Maiti zile hazina majina, basi ni nani atakayezililia?

Waarabu wa Marekani hawakucheka. Jumuiya zao ziliipinga picha hiyo hadharani, na wengine walisimama na mabango mbele ya majumba ya sinema. Watengenezaji waliweka mwishoni mwa picha maelezo kwamba hadithi ni ya kubuni tu na haiwakilishi mila wala imani za watu fulani. Watetezi wa picha wakasema: huu ni mchezo, tena mchezo wenye kuvikejeli hata visa vya ujasusi vyenyewe, mbona mwauchukulia kwa uzito? Hoja hii yasikika mara nyingi, na walimu wataisikia darasani. Jibu letu ni kwamba mzaha nao ni kauli. Mtu huweza kusema kwa mzaha lile asilothubutu kulisema kwa dhati, na maneno machache yanayopita mwishoni, wakati watu wameinuka kutafuta mlango, hayafuti yale yaliyooneshwa kwa zaidi ya saa mbili.

Wakati ndio uliokuja kuwa mhakiki mkali kuliko wote. Tarehe 19 Aprili 1995, miezi tisa tu baada ya picha kuanza kuonyeshwa, bomu lililipuka katika mji wa Oklahoma City na kuua watu 168. Katika saa za kwanza wengi walielekeza vidole kwa watu wa Mashariki ya Kati. Ikaja kujulikana kwamba mhalifu alikuwa Timothy McVeigh, Mmarekani aliyepata kuwa askari wa nchi yake. Hatusemi kwamba sinema moja ndiyo iliyozaa dhana ile potofu. Twasema kwamba dhana ilikwisha kuwapo, na picha kama hizi zilikuwa zikiimwagilia maji.

Kisha maafa yakatufikia sisi wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam watu 11, na wengi mno miongoni mwa waliokufa walikuwa wananchi wa Afrika Mashariki. Miongoni mwao mlikuwa na Waislamu na Wakristo, kifusi hakikuwabagua. Tangu siku ile mtazamaji wetu hawezi kuliona wingu la bomu likipanda baharini, ilhali Harry na Helen wanabusiana mbele yake, kwa macho yaleyale ya mwaka 1994. Na baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, Cameron mwenyewe aliacha wazo la kutengeneza sehemu ya pili, akisema kwamba ugaidi haukuwa tena jambo la kufanyiwa mzaha. Lakini mhakiki anaweza kuuliza: je, ulikuwa jambo la mzaha hapo kabla, kwa wale ambao tayari walikuwa wakizika watu wao?

Sasa turudi kwa mtazamaji wa kwetu, maana yeye si chombo kitupu cha kumiminiwa kila kitu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Hivyo wengi wa kizazi kile walizijua picha za kigeni katika majumba ya sinema na katika vibanda vya video. Humo watu hawakai kimya. Humwonya steringi, humzomea adui, hubishana na picha yenyewe. Baadaye wakatokea wafasiri wanaosimulia picha kwa lugha inayoeleweka na wote: Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na wenzao wa Uganda kwa Kiganda. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Huongeza methali, huwapa wahusika majina ya mitaani, humkejeli hata steringi anapojitapa kupita kiasi. Kwa njia hiyo haki ya mtani imerejea ukumbini: aliyezoea kutazamwa na wengine naye sasa anamjibu mtengenezaji wa picha. Ni kweli kwamba msimulizi mzembe aweza pia kuongeza chumvi juu ya kidonda na kumfanya adui kuwa duni zaidi. Lakini uwezo wa kujibu upo, na uwezo huo ni mali ya utamaduni wetu.

Kwa hiyo haifai kumkataza kijana asitazame picha za kijasusi, wala kumwaibisha kwa sababu amecheka. Aliyecheka farasi alipogoma kuruka hakumkosea mtu. Yatupasa kumfundisha asiishie kwenye kicheko, bali akitoka ukumbini ajiulize: Ni nani niliyemcheka? Je, nimemcheka kwa alilolitenda, kama Simon, au kwa alivyozaliwa, kama watu wa Aziz? Je, mtu huyo angekuwa amekaa kiti cha jirani yangu, ningethubutu kucheka vilevile? Na kama naye angepewa kamera yenye betri nzima, angesema nini juu yangu?

Wahenga wetu waliweza kutaniana juu ya vita vilivyowaua baba zao kwa kuwa kila upande ulikuwa na ulimi. Picha ya sinema ina ulimi mmoja. Wajibu wa mtazamaji mwerevu, na wa mwalimu anayemlea, ni kuutafuta ule ulimi wa pili.