Ghushi, Bandia na Kujifisha: Msamiati wa Hila wa Kiingereza Mikononi mwa Mfasiri

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zina desturi moja isiyomfaa mfasiri. Zifikapo kwenye maneno ya hila, kama vile feign, pretend, counterfeit, forge na fabricate, aghalabu humpa msomaji kapu moja la majibu: danganya, hadaa, laghai, jifanya, ghushi. Mwanafunzi naye huokota lililo karibu na mkono wake. Matokeo ni tafsiri ambamo mtu aliyeghushi hati ya shamba, mtoto anayejifanya daktari mchezoni na mtunzi wa riwaya wote huonekana kuwa wametenda tendo moja.

Sehemu kubwa ya msamiati huo wa Kiingereza ilizaliwa karakanani. Feign, fiction na figment ni watoto wa kitenzi kimoja cha Kilatini, fingere, ambacho asili yake ni kuumba kitu kwa mikono, kama afanyavyo mtu wa udongo. (Kufanana kwa fingere na finyanga ni sadfa tupu, na wapenzi wa nasaba za maneno wasijenge nyumba juu yake.) Forge na fabricate nayo hurudi kwenye fabrica, mahali pa kazi ya fundi. Counterfeit lilipitia Kifaransa cha zamani likiwa na maana ya kitu kilichofanywa kwa kuiga kingine, na wakati wa Shakespeare liliweza bado kutaja picha ya mtu pasipo lawama yoyote: ndilo neno alitumialo Bassanio anapoifunua sura ya Portia ndani ya kijisanduku cha risasi, katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kwa hiyo Kiingereza kilianza kwa kumsifu fundi, kisha kikamshuku.

Pretend lilifuata njia nyingine. Asili yake ni kunyoosha kitu mbele, na kwa karne nyingi maana yake ilikuwa kudai. James Francis Edward Stuart, ambaye wafuasi wake waliinuka Uskoti mwaka 1715 ili apewe kiti cha ufalme, aliitwa Pretender kwa sababu alikuwa mdai wa kiti hicho. Anayefasiri jina hilo kuwa "Mjifanyaji" amekwisha kutoa hukumu juu ya haki yake. Hapa Kiswahili hakina upungufu hata kidogo, kwani dai na jidai zimepita njia iyo hiyo: mtu hudai haki yake, lakini akijidai, wasikilizaji huanza kutabasamu.

Hata hivyo, mfinyanzi na mhunzi wa Kiswahili hawakupata kushukiwa uongo. Kiswahili kiliiweka hila mahali pengine, katika kiambishi -ji-, yaani katika mtu kujigeuza mwenyewe. Asiyetaka kazi hujigonjweza. Mwenye hofu hujifisha. Aitwaye asitake kusikia hujipurukusha, au hujitia hamnazo. Kiingereza hutazama kitu kilichotengenezwa. Kiswahili hutazama mtu aliyejitengeneza. Ni katika miongo ya karibuni tu ambapo wasemaji, hasa wa Tanzania, wameanza kumwita laghai "msanii" na hila zake "usanii". Wanaolalamika kwamba sanaa imetukanwa wakumbuke kwamba Waarabu, waliotupa neno lenyewe, walikwisha kuchota tasannu', yaani kujitia tabia isiyokuwa yako, katika mzizi uo huo.

Tofauti hii humkabili mfasiri waziwazi katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, tamthilia iliyopigwa chapa mwaka 1598. Katika vita vya Shrewsbury, vilivyopiganwa mwaka 1403, watu kadhaa wamevishwa mavazi ya mfalme ili kuwapoteza maadui. Douglas amekwisha kumwua mmoja wao, na akutanapo na mfalme mwenyewe humshuku kuwa ni counterfeit mwingine. Shaka hiyo ina sumu, kwa kuwa Henry alikitwaa kiti cha Richard II mwaka 1399. Douglas amesema kweli kuliko ajuavyo. Muda mfupi baadaye Falstaff analala chini kama maiti ili asiuawe. Ainukapo huligeuzageuza neno lilo hilo: aliyekufa ndiye counterfeit, kwa maana ana umbo la mtu bila uhai wa mtu, na anayeiga kifo ili aishi si counterfeit hata kidogo. Kisha humchoma maiti Percy, asije naye akawa amejifisha.

Mzaha wote umesimama juu ya neno moja. Mfasiri akiandika "mwenye mavazi ya mfalme" kwa Douglas na "kujifanya mfu" kwa Falstaff, maana ya kila sentensi itakuwa sahihi, na tamthilia itakuwa imekufa. Ghushi haliwezi kumwokoa, kwani ni neno la hati, fedha na bidhaa iliyochanganywa. Halimkai mtu vizuri. Lililobaki ni bandia. Neno hili, ambalo watoto hulijua kwa mwanasesere wao, humfaa mfalme, maiti na mtu: mfalme bandia, maiti bandia, mtu bandia. Kasoro yake ni kukosa kitenzi, na hapo kujifisha kunaweza kuletwa kwa tendo la Falstaff, bandia likabakia kamba ya kuviunga vituko vyote viwili.

Jambo hili si la jukwaani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na sheria zinangoja wafasiri. Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu hueleza false pretence kuwa ni maelezo ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, yanayotolewa na mtu anayejua kwamba si kweli, au asiyeamini kwamba ni kweli. Ahadi ya kesho, hata ikivunjwa, haimo. Magazeti hufasiri kosa litokanalo na kifungu hicho kuwa "kujipatia pesa kwa udanganyifu", na udanganyifu, katika sikio la Mswahili, humkamata pia aliyeahidi asitimize. "Kwa kujifanya" ni kosa baya zaidi, kwa maana mshtakiwa huenda hakujifanya mtu yeyote. Alikuja kwa jina lake na sura yake, akasema shamba ni lake. Sheria hapa imehifadhi pretend ya zamani, ile ya mdai. "Kwa madai ya uongo" ndiyo tafsiri inayolingana nayo, na haihitaji kuazima neno hata moja.