Mizani Bila Kina: Vijumba vya Vita vya Kilimanjaro

Waswahili wamesema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtoto wa pwani achongaye kidau cha mti mwepesi na kukitweka tanga la mfuko wa nailoni huujua ukweli huo kabla hajaujua msemo wenyewe. Akikosea ubavu mmoja, kidau hulala. Bahari ndiyo mhakiki wake, nayo haina upendeleo.

Ipo sanaa nyingine ya kuunda vitu vidogo isiyo na mhakiki mkali kama huyo: sanaa ya kujenga vijumba vya kihistoria kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani. Mchezo huu si wa jana. Jeshi la Prussia liliupokea mwaka 1824 kwa kufundishia maofisa wake, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells aliuingiza sebuleni kwa kitabu chake Little Wars. Leo wachezaji, wengi wao wa Ulaya na Marekani, hupanga askari wa kimo cha milimita 28, hurusha dadu, na kuvipigana upya vita vilivyokwisha. Vya Afrika Mashariki vimo: Tanga ya Novemba 1914, na njia ya kwendea Moshi, mji uliotwaliwa na majeshi ya Waingereza Machi 1916.

Hapana budi kuwapa mafundi hawa haki yao. Wale walio bora hawanunui nyumba iliyokwisha tengenezwa. Huijenga tangu msingi kwa vitu ambavyo wengine huvitupa. Kuta hukatwa katika boksi au katika lile povu gumu linalofungashiwa redio. Boriti ni vijiti vya kukorogea kahawa. Mawe huchorwa kwa ncha ya kalamu, na paa la nyasi ni kipande cha taulo kuukuu kilicholoweshwa gundi, kikachanwa na kupakwa rangi. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 56, hata nyumba ya mita 6 ikashuka kuwa sentimita 11 hivi. Mpenzi wa ushairi hawezi kuidharau nidhamu hiyo. Fundi anayehesabu milimita za mlango ni ndugu wa mtunzi anayehesabu mizani ya mshororo. Wote wawili wamekubali kufungwa ili wapate kusema.

Swali la mhakiki ni moja: wakifika Kilimanjaro, husema nini? Boma la Wajerumani la Old Moshi, au stesheni ya reli iliyofika Moshi kutoka Tanga mwaka 1911, humrahisishia fundi kazi. Majengo hayo yana pembe, yana madirisha ya kuhesabika, na picha zake zimehifadhiwa. Nyumba ya Mchagga haina pembe. Kwa hiyo mara nyingi hutosheka na misonge miwili mitatu ya taulo, iliyowekwa ukingoni mwa meza ili ionekane kuwa hapa ni Afrika. Misonge iyo hiyo kesho hutumika kwa vita vya Wazulu, na kesho kutwa kwa vya Sudan.

Anayetaka kujua kilichopotea na aende Marangu, kwenye mfano wa ukubwa kamili uliojengwa kwa kumbukumbu, au Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1967 kuhifadhi nyumba za makabila ya nchi. Nyasi za paa hushuka mpaka karibu na ardhi. Ndani, watu na ng'ombe hugawana nafasi, na moto huwapasha wote. Nje kuna kihamba chenye migomba na kahawa, na mfongo unaoleta maji kutoka juu mlimani. Nyumba hiyo haisimami peke yake. Ukiing'oa kihambani ukaiweka juu ya ubao mtupu, imebaki kofia bila kichwa.

Hata hivyo, upungufu mkubwa hauko juu ya ardhi. Marangu, Mamba na kwingineko, Wachagga walichimba mapango marefu ya kujificha wao na mifugo yao, wakati wa mashambulizi ya Wamasai na wakati Mangi mmoja alipomvamia mwenzake. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, hata adui aliyethubutu kuingia alilazimika kutambaa na kutanguliza kichwa. Kule Keni, Rombo, Mangi Horombo alijenga ngome za mawe. Kibosho, jeshi la Wissmann lilipomshambulia Mangi Sina mwaka 1891, lilikuta kuta za mawe na mahandaki. Na Juni 1892 watu wa Mangi Meli wa Moshi walilishinda jeshi la von Bülow, na von Bülow mwenyewe akafa. Ilibidi Wajerumani warudi na nguvu kubwa zaidi mwaka 1893 ndipo wakamweza Meli, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga hapo hapo Old Moshi.

Mchezaji anayeitazama meza yenye boma zuri la mawe upande mmoja na vichuguu vitatu vya taulo upande wa pili hawezi kuelewa vita vya 1892. Atadhani ni bahati ya dadu. Meza imekwisha kumwambia, kabla ya risasi ya kwanza, kwamba upande mmoja ulikuwa na wajenzi na wa pili ulikuwa na vibanda. Katika lugha ya ushairi, kazi hiyo ina mizani lakini haina kina. Na hapa neno kina lichukuliwe kwa maana zake zote mbili.

Patakuwa na atakayejibu kwamba huu ni mchezo tu. Lakini waliouasisi hawakuuona hivyo. Waliwafundishia watu namna ya kuitazama ardhi ya wengine. Wala kina kinachodaiwa hapa si cha kuwapamba Wachagga. Pango lililochimbwa kumkimbia Mangi jirani ni ushahidi wa uadui wa ndani, na Wissmann alipokwenda Kibosho alisaidiwa na Mangi Rindi wa Moshi, baba yake Meli. Mfano wa kweli utayaonyesha hayo pia.

Tiba yake si ghali. Pango lililo mita 3 chini ya ardhi, kwa kipimo cha 1 kwa 56, ni sentimita 5 na kidogo. Fundi aongeze kipande kimoja cha povu chini ya meza yake, akichimbe, akifunike kwa migomba ya karatasi, na mwenye kulinda tu ndiye ajue mlango uko wapi. Vipimo vipo: baadhi ya mapango ya Marangu yanaingilika hata leo kwa yeyote aliye tayari kutambaa na utepe wa kupimia. Kijana wa Moshi mwenye kisu, gundi na boksi yuko karibu nayo kuliko fundi yeyote wa Ulaya.