Namba Hii Umeitoa Wapi?

Ombi la ndege ya kukodi huwa fupi. Watu wanne, keshokutwa, Kigoma hadi hifadhi ya Mahale, saa nne asubuhi, kurudi baada ya siku tatu. Mteja akishatuma ujumbe huo, kwake kilichobaki ni kufunga begi. Kwa mtu wa operesheni ndiyo kwanza kumekucha. Siku hizi kazi yake inaanzia kwenye skrini, ndani ya programu ya kuendeshea safari za ndege, yenye kalenda ya kila ndege, faili la kila rubani, vibali, mafuta, uzito, ankara na saa.

Nilipata nafasi ya kukaa nyuma ya meza ya binti mmoja anayejifunza programu ya namna hiyo mjini Kigoma. Anayemfundisha ni mtu mzima aliyeianza kazi enzi za redio na karatasi za kaboni. Nilidhani nitaona mtu akifundishwa wapi pa kubonyeza. Hilo lipo, na halichukui muda. Vijana wetu wanalimaliza haraka. Kinachochukua muda ni swali ambalo mwalimu huyu analirudia bila kuchoka, kila binti anapojaza kisanduku: "Namba hii umeitoa wapi?"

Chukua hiyo saa nne. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, kwa hiyo saa nne asubuhi ni 10:00 kwenye saa ya ukutani. Anga lote la dunia linatumia saa moja, ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu; programu inaandika 0700. Mgeni wa kazi hii aliyezoea saa yetu akiiona 0700 ataisoma saa moja asubuhi, na mwenye haraka ataisema saa saba, ambayo ni baada ya adhuhuri. Halafu kuna ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kalemie na Bujumbura ziko nyuma yetu kwa saa moja, na watu wake wengi wanazungumza Kiswahili hikihiki. Mteja wa Kalemie akisema "saa tatu", anamaanisha dakika ileile ambayo sisi tunaiita saa nne. Nilimwona binti anaandika mstari wa kwanza wa kila safari kwa namna tatu kwenye daftari kabla ya kugusa kibodi: saa ya mteja, saa ya Kigoma, saa ya Greenwich. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa ameshaelewa kwamba programu hubadilisha saa bila kukosea hata mara moja, na kwamba haina njia ya kujua mteja alikuwa amesimama ufuko gani alipotamka.

Jua nalo lina saa yake. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua huchomoza kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, karibu saa moja asubuhi. Viwanja vya porini havina taa. Ndege hutua kwa macho ya rubani na mwanga wa mchana. Mtu wa Dar anayepanga safari ya Mahale kwa mazoea ya asubuhi ya Dar atampeleka rubani kwenye giza.

Baada ya saa ni mahali. Uwanja wa Kigoma programu inaujua kwa herufi zake za kimataifa, HTKA. Viwanja vingi vidogo inabidi viingizwe kwa mkono, kwa digrii. Mwalimu alimpa zoezi la kuingiza Kigoma kana kwamba haimo: digrii 4 na dakika 53 kusini, digrii 29 na dakika 40 mashariki. Ukiandika 4.53 na 29.40, kisanduku kinapokea bila kulalamika. Lakini dakika si desimali. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 53 ni 0.88 ya digrii. Binti aliambiwa aandike makusudi vile visivyo sahihi, kisha atazame ramani. Uwanja ulihama karibu kilomita 39 kwenda kaskazini, ukaipita hifadhi ya Gombe, na kama kilomita 30 kwenda magharibi. Ukatua katikati ya ziwa. Aliutazama kwa muda, akaufuta, akaandika upya. Naamini hatasahau. Tangu hapo kila kiwanja kipya anakifungua kwanza kwenye picha ya setilaiti na kukitafuta kwa macho yake.

Sehemu ninayoihusudu zaidi ni uzito. Ndege inayofanya sehemu kubwa ya kazi hizi Tanzania ni Cessna Caravan, yenye injini moja na bawa juu. Aina ya 208B inaruhusiwa kuondoka na uzito usiozidi ratili 8,750, yaani kilo 3,969. Hiyo ni pamoja na ndege yenyewe, rubani, abiria, mabegi na mafuta. Matangi yakijaa, mafuta peke yake yanakaribia tani moja, robo ya kila kitu. Kiwanja cha porini hakina bomba la mafuta: kilichomo bawani wakati wa kuondoka ndicho cha kwendea na kurudia, na akiba juu yake. Kila lita 100 unazoongeza ni kilo 80 hivi, mtu mmoja mzima. Ndiyo maana swali la "abiria wangapi" halina jibu mpaka ujue wanakwenda wapi, na watajaza mafuta wapi.

Hapa vipimo vyenyewe vinagongana. Pampu inahesabu lita, mizani ya mabegi inasoma kilo, na geji na kitabu cha ndege vinazungumza ratili. Lita 600 ni kilo 480 hivi, na kilo 480 ni ratili 1,058. Mwaka 1983 ndege kubwa ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 kwa sababu kilo na ratili zilichanganywa chini wakati wa kujaza; marubani waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli, na watu wote wakapona. Mwalimu aliisimulia habari hiyo kwa sauti ya kawaida, kisha akamwagiza binti afanye hesabu ya mafuta kwa kalamu kabla ya kuifungua ile ya programu. Zikipishana, hakuna kuendelea mpaka ijulikane ni kwa nini.

Kwa ile safari ya Mahale, wakala wa mteja alikuwa ameleta orodha: abiria wanne, kila mmoja kilo 75. Binti akajaza. Skrini ikakubali.

"Namba hii umeitoa wapi?"

"Kwa wakala, kaka."

"Wakala kawapima?"

Binti akaitazama orodha tena. Watu wanne wenye kilo zilezile, na wawili kati yao walikuwa mtu na bintiye wa miaka 13. Namba inayojirudia hivyo hakuna aliyeipima. Alipiga simu, akaomba kwa adabu, akaeleza sababu, na jioni majibu yakaja: 104, 81, 68, 47. Jumla ilikuwa 300 kamili, ileile ya wakala! Lakini ndege haibebi jumla tu. Inahitaji kujua kila uzito umekaa wapi, na mtu wa kilo 104 kwenye kiti cha nyuma si sawa na mtoto wa kilo 47 mahali hapohapo.

Kwenye skrini kuna umbo lililochorwa kwa mistari, mfano wa bahasha iliyobanwa upande mmoja, na ndani yake nukta. Nukta hiyo ndiyo kitovu cha uzito wa ndege. Ukimhamisha abiria kutoka kiti cha tatu kwenda cha tano, nukta inasogea nyuma. Ukiweka mabegi kwenye sanduku la tumboni, inasogea tena. Ikitoka nje ya mistari kwa nyuma, pua itataka kuinuka na rubani atashindana nayo. Ikitoka kwa mbele, atahangaika kuinua pua wakati wa kutua. Manahodha wa mwalo wa Kibirizi wanaijua elimu hii bila skrini: utawasikia wakimwambia mama mwenye magunia asogee omo kidogo kabla boti haijasukumwa. Tofauti ni kwamba nahodha anaiona boti ikiinama majini, ilhali ndege iliyosimama kwa magurudumu matatu haikuonyeshi kitu. Nukta ndiyo macho yako. Binti alijifunza kuitazama mara mbili, ya kuondoka na ya kufika, kwa sababu mafuta yakiungua nukta nayo hutembea.

Ndege ndogo nyingi nchini humruhusu abiria kilo 15 za mzigo, kwenye begi laini linaloweza kukunjwa. Mpagazi wa karne ya 19 aliyetoka Ujiji, hapa jirani, kwenda Bagamoyo alibeba kama frasila mbili, na frasila moja ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Mgeni wa leo basi anaruhusiwa pungufu kidogo ya nusu ya alichokitwika yule mtu, tena hakibebi yeye. Ujiji imepima mizigo kwa muda mrefu sana, na napenda kwamba mizani bado inasimama hapa.

Joto pia ni uzito wa aina yake. Uwanja wa Kigoma uko kama futi 2,700 juu ya usawa wa bahari. Nyuzi joto zikifika 30 mchana, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko juu ya futi 5,000: inahitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia, na inapanda polepole. Huko Mahale milima inaota moja kwa moja kutoka ziwani hadi kilele cha Nkungwe, mita 2,462, nayo hukusanya mawingu ya mvua mchana. Kwa hiyo ile saa nne ya mteja ilisogezwa hadi saa mbili, kwa maelezo mafupi yaliyoandikwa vizuri. Mteja alikubali.

Vibali, saa za kupumzika za rubani, ada na ankara, programu inavifanya vema na sina la kuongeza, ila kwamba ikigoma kumpanga rubani kwa sababu saa zake zimekwisha, haibembelezwi.

Ndege ikishaondoka, watu wengi wangefikiri kazi imekwisha. Hapo ndipo nilipomwona binti ametulia kuliko wakati wowote. Kiwanja cha Mahale hakina mnara wa kuongozea ndege, hivyo taarifa ya kutua lazima itoke kwa mtu. Kwa utaratibu wa kimataifa, dakika 30 zikipita baada ya muda ambao taarifa ilitarajiwa, nayo haijafika, ndege inaingia hatua ya kwanza ya mashaka, na watu wanaanza kutafuta habari zake. Saa ya kuhesabia iko pembeni mwa skrini. Hakwenda kunywa chai. Simu ilipoita akaandika dakika ileile aliyoambiwa, si ile aliyopokea simu, kwa sababu kati ya hizo mbili kulikuwa na dakika sita na safari iliisha kwenye ile ya kwanza.

Rubani aliporudi, binti alimfuata uwanjani na karatasi. Programu ilikuwa imekadiria dakika 31. Rubani alitumia 37, kwa kuzunguka mvua juu ya maji. Mafuta yaliyoungua yakaandikwa kama yalivyosomwa kwenye geji. Halafu akauliza hali ya kiwanja, na kwenye sehemu ya maelezo, ambayo wengi huiacha tupu, akaandika: "Mwisho wa kusini umelowa. Punguza uzito, au subiri siku mbili za jua." Mwalimu akasoma, akauliza lile swali lake. Binti akajibu: kwa rubani aliyetua, na kwa askari wa hifadhi aliyepita pale kwa miguu asubuhi. Sentensi ikabaki. Wiki hiyohiyo rubani mwingine, wa Arusha, ambaye hajawahi kuonana na binti huyu, atalifungua faili la kiwanja hicho na kupunguza lita kadhaa kabla ya kuwasha injini.