LUMBESA YA MITANDAO

Mkulima wa viazi wa Mbeya na Iringa anaijua lumbesa: gunia linashindiliwa na kurundikwa hadi juu ya mdomo, naye analipwa bei ya gunia moja. Mwenye kuchagua kipimo ndiye mwenye faida. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, kwa sababu kipimo ni suala la haki.

Mitandao ya kijamii nayo ina kipimo chake. Inadai kuwa inayapandisha juu yale yanayopendwa na umma. Hebu tulichambue dai hilo. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kuwa tangu 2017 alama za hisia, ikiwamo ya hasira, zilipewa uzito mara tano ya ile ya kupenda. Uzito wa hasira ulifutwa mwaka 2020. Umma haukupenda, ulichokozwa, na muda wake ukauzwa kwa watangazaji.

Mkulima wa Ismani akiuliza juu ya viwavijeshi, mwenzake wa Rungwe akamjibu, kisha yule wa kwanza akarudi kueleza matokeo, hao ni watu wawili tu. Lakini shamba limepona. Kipimo cha wingi hakiyaoni hayo.

Kwa hiyo tunasema: lihesabiwe jibu lenye maarifa na jambo lililotumika, alama za kununuliwa zitupwe, kanuni ya hesabu iwekwe hadharani. Bila hivyo, tutaendelea kujaza magunia ya wengine.